Unga, Mabati na Ujirani: Kanisa na Familia Zenye Dhiki Mjini Eldoret

Historia ya Kanisa Katoliki mjini Eldoret kwa kawaida husimuliwa kupitia maaskofu wake, shule zake na kanisa kuu lake, ilhali chini ya historia hiyo inapita nyingine isiyosikika sana, yaani jinsi kanisa hilo, pamoja na makanisa mengine yaliyo jirani nalo, lilivyojifunza polepole kuzisaidia familia zilizoelemewa na umaskini, maradhi, njaa na kufukuzwa katika ardhi. Mazungumzo haya yanaifuata historia hiyo ya pili. Hoja yake ni kwamba msaada huo ulisimama juu ya kitu ambacho hakuna mfadhili awezaye kukinunua, nacho ni ujuzi wa majirani kuhusu majirani wao, na kwamba pale ujirani wenyewe ulipovunjika, kama ulivyovunjika zaidi ya mara moja katika Uasin Gishu, kanisa lililazimika kuuhesabu upatanishi kuwa tawi la kazi ya huruma.

Neno ambalo wanatheolojia hulitumia kwa kazi ya namna hii ni diakonia, neno la Kigiriki lenye maana ya utumishi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, utumishi huo unatajwa pale wajane waliosema Kigiriki walipokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, huku wajane wa Kiebrania wakipata, na manung'uniko hayo ndiyo yaliyosababisha kuchaguliwa kwa watu saba wa kusimamia mgawo. Msikilizaji wa Eldoret hatakosa kutambua kwamba ofisi ya kwanza ya misaada katika historia ya Ukristo ilianzishwa kwa sababu ya tuhuma ambayo leo ingeitwa ukabila. Tuhuma hiyo haikubaki Yerusalemu.

Ili kuzielewa familia zilizohitaji msaada, ni lazima kuutazama mji wenyewe. Jina Eldoret linatokana na neno la Kimaasai linalohusu mto wenye mawe, ambao ni Sosiani, lakini wenyeji wengi waliuita mji huo Sisibo, kwa kuitamka kwa ulimi wao nambari 64 ya Kiingereza, iliyokuwa nambari ya shamba ambalo mji ulijengwa juu yake. Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, hospitali ndogo ikafunguliwa mwaka 1917, na reli ikafika mwaka 1924. Mashamba ya ngano, mahindi na miwati, ambayo ni miti itoayo magome ya kutengenezea ngozi, yalihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilitoka Nandi, Elgeyo, Uluhyani, Ukikuyuni na kwingineko. Walioishi mashambani kwa masharti ya kumfanyia mlowezi kazi waliitwa maskwota: mtu alipewa mahali pa kujenga kibanda na kipande cha kulima, na haki yake ya kulala hapo ilikwisha siku ile kazi ilipokwisha. Kwa hiyo familia yenye dhiki katika Uasin Gishu, tangu enzi za ukoloni, haikuwa tu familia isiyo na chakula. Ilikuwa familia iliyoishi juu ya ardhi ambayo mtu mwingine angeweza kuidai kesho.

Kanisa lililotangulia mjini lilikuwa la Makaburu wenyewe, na kwa miaka mingi lilihudumia jamii ya Makaburu pekee. Ni katika miaka ya 1940 ndipo umisionari wake kwa wafanyakazi wa mashambani ulipochukua sura, na mbegu hiyo ikazaa Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Eldoret hadi leo na ambalo limekuwa na hospitali ya misheni huko Plateau, nje kidogo ya mji. Upande wa Wakatoliki, eneo hili lilikuwa sehemu ya Kisumu hadi mwaka 1953, Roma ilipolitenga kuwa prefektura ya kitume, yaani eneo la kimisionari ambalo bado halijatimiza masharti ya kuwa jimbo kamili. Likawa jimbo mwaka 1959. Neno jimbo hapa lina maana ya eneo linaloongozwa na askofu Mkatoliki, wala lisichanganywe na jimbo la uchaguzi. Waanglikana hulitumia neno dayosisi kwa maana iyo hiyo.

Waliokabidhiwa prefektura hiyo walikuwa mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Kiltegan nchini Ireland mwaka 1932, na askofu wa kwanza, Joseph Brendan Houlihan, alitoka miongoni mwao. Eneo lao lilikuwa kubwa kupita kiasi, likianzia nyanda za ngano na kushuka hadi Turkana, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sheria ya wilaya iliyofungwa na hivyo kuwazuia wageni kuingia bila kibali. Lango la Turkana lilifunguliwa na njaa. Ukame wa mwaka 1961 uliwaacha wafugaji bila mifugo, serikali ikahitaji watu wa kuendesha kambi za chakula, na wamisionari wakaingia kwa njia ya sufuria kabla ya kuingia kwa njia ya katekisimu. Turkana ilitengwa na Eldoret mwaka 1968 na kuwa chini ya Lodwar, lakini desturi iliyoanzia huko, ya kanisa kuitwa na serikali wakati ghala la serikali limeshindwa, iliendelea kuonekana Eldoret kwa miongo iliyofuata.

Mtindo wa msaada wa miaka hiyo ya mwanzo ulikuwa ule wa misheni zote za Afrika Mashariki, wa shule, zahanati na bweni. Matunda yake hayana ubishi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wasomi wa kwanza wa Bonde la Ufa la kaskazini walipitia milango hiyo. Hata hivyo, mtindo huo ulimsaidia mtu mmoja mmoja kwa kumtoa kwao: mtoto mwerevu alipelekwa bwenini, mgonjwa akalazwa wodini, na mama aliyebaki kibandani na watoto wengine watano hakuwa na daftari lililoandikwa jina lake popote. Si haki kuwalaumu sana wamisionari kwa jambo hilo, maana serikali za wakati huo nazo hazikuwa na macho ya kuiona familia isipokuwa wakati wa kodi.

Mabadiliko yalitoka pande mbili. Upande wa kwanza ni Roma, ambako Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulimalizika mwaka 1965, na miaka miwili baadaye Papa Paulo wa Sita akatoa waraka wake kuhusu maendeleo ya watu, Populorum Progressio, uliodai kwamba kumpa maskini mkate bila kugusa sababu za umaskini wake ni kazi iliyoachwa nusu. Majimbo ya Kenya yalianza kuunda idara za maendeleo, yaani ofisi za kusimamia visima, mbegu, mikopo midogo na mafunzo, zikisaidiwa na mashirika ya Wakatoliki wa ng'ambo kama Misereor ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1958 na kutegemea michango ya Kwaresima, na Trócaire ya Ireland, iliyoanzishwa mwaka 1973. Idara hizo kwa jumla hujulikana leo kwa jina la Caritas, neno la Kilatini lenye maana ya upendo unaotenda, na zimo katika mtandao wa kimataifa ulioundwa mwaka 1951.

Upande wa pili ni Afrika Mashariki yenyewe, na hapa Eldoret ina nafasi ambayo hata wakazi wake wengi hawaijui. AMECEA, ambao ni umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, uliamua katika mikutano yake ya mwaka 1973 na 1976 kwamba kanisa la kanda hii lisijengwe tena juu ya kituo kikubwa cha misheni, bali juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Katika mwaka huo wa 1976 taasisi ya kichungaji ya umoja huo, iliyokuwa Gaba karibu na Kampala, ilihamishiwa Eldoret, na jina la Gaba likaja nayo na kubaki. Mafundisho kuhusu jumuiya hizo kwa wahudumu wa nchi nyingi za kanda yakawa yanatolewa katika mji huo huo ambao baadaye ungezijaribu vikali kuliko miji mingi.

Jumuiya ndogo ndogo ni kundi la nyumba chache zilizo karibu, ambazo watu wake hukutana mara moja kwa juma nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Jumapili, kisha huulizana habari. Kinachoitofautisha na ibada ya kawaida ni sehemu hiyo ya mwisho. Katika kuulizana habari hutajwa aliye mgonjwa, aliyefiwa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, mzee ambaye kuku wake wameibwa, na mchango mdogo hukusanywa papo hapo, iwe ni fedha, gorogoro ya mahindi au siku moja ya kumlimia mtu shamba. Linapozidi uwezo wa nyumba hizo, jambo hupelekwa kwa baraza la parokia, na kutoka hapo hadi ofisi ya jimbo. Kwa mtazamo wa utawala, huu ni mfumo wa kuwatambua wahitaji ambao haukuhitaji mpimaji kutoka nje, kwa sababu mtu hawezi kujifanya maskini mbele ya wanaojua ana ng'ombe wangapi, na mwenye aibu ya kuomba hahitaji kuomba, kwani moshi usiotoka jikoni kwake umeshaonekana.

Mfumo huo ulikuwa na upofu wake pia, nao usifichwe. Jumuiya huwajua wanaohudhuria. Mke wa pili ambaye ndoa yake haitambuliwi na kanisa, mama anayepika chang'aa ili alipe kodi ya chumba, Mkristo wa kanisa lingine na Mwislamu wa mtaa huo huo, wote hao walikuwa hatarini kuachwa nje ya orodha, wala si kwa uamuzi wa mtu bali kwa kuwa hawakuwepo sebuleni majina yalipotajwa. Jambo la pili ni kwamba, katika sehemu za mashambani za Uasin Gishu, nyumba zilizo karibu mara nyingi zilikuwa za kabila moja. Jumuiya iliyojengwa juu ya ujirani ilirithi pia mipaka ya ujirani huo.

Waanglikana walifika katika kazi hii wakiwa na dayosisi changa lakini yenye sauti kubwa. Dayosisi yao ya Eldoret iliundwa mwaka 1983, na askofu wake wa kwanza, Alexander Muge, hakukubali kuitenganisha njaa na siasa: alipotangaza hadharani kwamba watu wa Pokot walikuwa wanakufa kwa kukosa chakula, alipambana na viongozi ambao kwao taarifa hiyo ilikuwa ya kuiaibisha serikali. Muge alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, akirudi kutoka Busia, ambako waziri mmoja alikuwa amemwonya asikanyage. Huduma za jamii za Kianglikana za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, ambazo leo zinaendeshwa chini ya jina la ADS, ziliendelea baada yake kwa mkazo wa chakula, maji na kilimo. Mchango wa Muge hata hivyo haupimwi kwa visima, kwani aliithibitisha hoja kwamba anayegawa unga ana haki ya kuuliza kwa nini ghala ni tupu.

Swali hilo lilifika Uasin Gishu kwa moto. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yaligawanywa kupitia mipango ya serikali ya makazi, na mengine yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika ambavyo wanachama wake walichanga fedha. Wakikuyu, Waluhya, Wakisii na wengine walipata hati katika eneo ambalo Wakalenjin wengi waliamini limetoka mikononi mwao kwa nguvu za kikoloni na halikuwarudia. Pande zote mbili zilikuwa na kitu cha kuonyesha, mmoja hati na mwingine kumbukumbu, na wanasiasa walijua namna ya kuvigonganisha viwili hivyo. Mwezi Oktoba 1991, siasa za vyama vingi zilipokuwa zinarejea, mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei huko Nandi, yakasambaa, na mwishoni mwa mwaka 1992 yakaiunguza Burnt Forest, kusini mwa Eldoret, mahali ambapo jina lake la Kiingereza lina maana ya msitu ulioungua. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa nchini kote na wapatao 300,000 wamehamishwa makwao.

Viwanja vya makanisa ndivyo vilivyopokea wengi wa waliokimbia. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, linalounganisha makanisa ya Kiprotestanti, na majimbo ya Kikatoliki walitoa unga, mablanketi na dawa, na hapo ndipo upungufu wa msaada wa aina hiyo ulipodhihirika. Familia iliyolishwa miezi sita katika uwanja wa kanisa haikuwa imerudishiwa chochote, kwa kuwa ilichopoteza ni jirani aliyekuwa akiichungia ng'ombe ikienda sokoni, na jirani huyo sasa alikuwa akilima shamba la familia hiyo. Mabati yaliweza kununuliwa kwa fedha za wafadhili, na nyumba ikaezekwa, kisha ikateketezwa tena uchaguzi uliofuata. Cornelius Korir, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Eldoret mwezi Juni 1990, mwaka mmoja na miezi michache kabla ya haya yote, aliutumia uaskofu wake karibu wote akilitafutia jibu tatizo hilo.

Kabla ya kufika kwenye jibu lake, yafaa kutaja kwa ufupi pigo ambalo halikuchagua kabila. Serikali ya Kenya iliutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na kufikia wakati huo makanisa ya Eldoret yalikuwa yameshazoea kuzika watu wa makamo wakiacha watoto kwa bibi zao. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha AMPATH, mpango wa matibabu ambao haukuwa wa kanisa, lakini madaktari wake walifikia upesi hitimisho ambalo wahudumu wa jumuiya walilijua, kwamba dawa kali haikai katika tumbo lisilo na chakula, na kwa hiyo wakaongeza mashamba ya mboga na kazi za mikono kwa wagonjwa. Sehemu ya makanisa ilikuwa kumfuata mgonjwa nyumbani, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa ilifanywa na wanawake wa kujitolea, wasiolipwa, ambao hawatajwi katika ripoti isipokuwa kama idadi. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003, na majaribio ya serikali ya mwaka 2004 ya kuzipa fedha taslimu kaya zinazolea yatima, yakianzia Kwale, Garissa na Nairobi, yaliipunguzia familia mizigo ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiletwa mlangoni kwa paroko.

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na katika saa chache Eldoret ilikuwa inawaka. Tarehe 1 Januari 2008, katika kijiji cha Kiambaa kando ya mji, kanisa la Kenya Assemblies of God lilichomwa likiwa limejaa watu waliojihifadhi ndani yake, wengi wao wanawake na watoto. Imani ya kale kwamba kizingiti cha kanisa hakivukwi na silaha iliungua siku hiyo pamoja na jengo. Licha ya hayo watu waliendelea kukimbilia makanisani, kwa kuwa hawakuwa na kwingine, na uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu ulipokea watu wapatao 10,000. Wengine wengi walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, chini ya usimamizi wa Msalaba Mwekundu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote katika ghasia hizo.

Kulisha watu 10,000 katika uwanja wa kanisa kulikuwa kazi ya hesabu, ya magunia, kuni, vyoo, maziwa ya watoto na zamu za kulinda lango, na hesabu hizo zilifanywa na watu ambao baadhi yao walikuwa na jamaa upande wa waliochoma. Hapa manung'uniko ya wajane wa Yerusalemu yalirudi kwa sura mpya: Askofu Korir, Mkalenjin, alikuwa anawahifadhi watu ambao wengi wao walikuwa Wakikuyu, na haikuwezekana wote wa jamii yake kulipokea jambo hilo kwa moyo mweupe. Msaada wa dharura ulikuwa umegeuka kuwa tamko la kisiasa bila kuongezewa neno.

Mwezi Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, iliyolenga kufunga kambi na kuwarudisha wakimbizi wa ndani, yaani watu waliohamishwa bila kuvuka mpaka wa nchi. Kila kaya iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na shilingi 25,000 za kujenga upya, kiasi ambacho fundi yeyote angesema hakimalizi nyumba. Jimbo la Eldoret, likisaidiwa na wafadhili wa nje, miongoni mwao Catholic Relief Services ya Wakatoliki wa Marekani, liliingia katika ujenzi, lakini kwa mpangilio ambao ulikuwa zao la makosa ya miaka ya 1990: mabati hayakutangulia mazungumzo. Korir aliueleza utaratibu huo katika kitabu kidogo cha mwaka 2009 kiitwacho Amani Mashinani, ambacho, licha ya jina lake la Kiswahili, kiliandikwa kwa Kiingereza, na pengine hiyo ndiyo sababu wananchi wengi wanalijua jina lake kuliko yaliyomo.

Kwa muhtasari, utaratibu ulianza na mazungumzo ya faragha na watu wachache wanaosikilizwa, kisha kila jamii ikakutana peke yake ili iseme uchungu wake bila kujibiwa. Wawakilishi wachache wa pande mbili walikutana baadaye, mikutano ikapanuka, masharti yakaandikwa, na mwisho ukafuata mradi ambao pande zote mbili zinauhitaji na hakuna upande unaoweza kuuendesha peke yake, kama vile shule, barabara au josho la ng'ombe. Katika kujenga nyumba, vijana wa jamii zilizokuwa zimepigana walihusishwa katika kazi. Josho linastahili kuangaliwa kwa makini, maana kupe haulizi kabila la ng'ombe, na mfugaji aliyeleta mifugo yake kuogeshwa Jumatano atamkuta jirani aliyemkimbia mwaka uliopita akisubiri zamu, wakiwa na jambo la kuzungumzia lisilohusu ardhi. Wachumi wangeuita mradi wa mifugo na wanasheria wangeuona kama ushahidi wa makubaliano, lakini ofisi ya jimbo iliuweka katika kazi ile ile iliyokuwa ikigawa unga. Uamuzi huo wa kiutawala, ambao hausikiki kama habari kubwa, ndio unaoitofautisha historia ya Eldoret na ya majimbo mengi yaliyobaki na kamati ya amani chumba kimoja na ghala chumba kingine.

Makanisa hayakutoka katika kipindi hicho yakiwa safi. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani mwaka 2008 kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande katika siasa za uchaguzi, na likaomba msamaha. Utegemezi kwa wafadhili wa ng'ambo nao ulionekana wazi pindi kamera zilipoondoka, kwa kuwa mfadhili hupenda kupigiwa picha ya nyumba iliyokamilika, ilhali mikutano ya kusikilizana, ambayo huchukua miaka na hula chai nyingi tu, haina cha kupigwa picha. Askofu Korir alifariki tarehe 30 Oktoba 2017, siku chache baada ya uchaguzi mwingine wenye mvutano, akazikwa katika kanisa kuu lile lile ambalo uwanja wake uliwahi kuwa mji wa mahema. Nafasi yake ilichukuliwa na Dominic Kimengich, aliyeteuliwa mwaka 2019.

Swali linalozikabili huduma hizo sasa linahusu makao ya watoto. Baada ya ukimwi na baada ya mwaka 2008, makao mengi ya yatima yalifunguliwa Eldoret na vitongoji vyake, sehemu kubwa yakiendeshwa na makanisa au na Wakristo wenye nia njema kutoka ng'ambo, na baadhi ya watoto waliolala humo walikuwa na mzazi hai au bibi aliyeshindwa na karo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 zinataka mtoto alelewe katika familia kila inapowezekana, na kituo kiwe kimbilio la mwisho na la muda. Kwa wenye makao hayo, hili ni jambo gumu, kwa sababu mfadhili aliyekuwa akimchangia mtoto mwenye picha na jina hana uhakika kama atamchangia bibi mwenye shamba la robo ekari. Lakini kwa mfumo wa jumuiya ndogo ndogo, sheria hiyo inasema kile kilichokuwa kikisemwa sebuleni tangu miaka ya 1970, na makanisa yaliyo na jumuiya imara yana watu wa kuitekeleza bila kuajiri.

Ugumu uko kwingine. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024, na familia nyingi zenye dhiki sasa ziko Langas, Huruma, Munyaka na Kamukunji, katika ploti za vyumba vya kupanga ambako mlango hadi mlango ni hatua tatu na majirani hawajuani majina. Mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi miwili huhama usiku ili asizuiliwe vyombo, na asubuhi jumuiya iliyokuwa imeanza kumjua inakuta kufuli la mwenye nyumba mlangoni. Katika mashamba ya zamani iliwezekana kujua nani amelala njaa kwa kuangalia moshi. Katika ploti zenye majiko ya gesi ya kilo 6 hakuna moshi, na katibu wa jumuiya hupita na daftari lake Jumamosi jioni akigonga milango ambayo mingi haifunguliwi, akiuliza kama kuna mgeni aliyehamia juma hili.